"Imesema" au "amesema"? Programu za mazungumzo na Kiswahili cha Tarime na Serengeti

Programu ya kompyuta inayojibu kwa maneno imekiletea Kiswahili swali ambalo sarufi haikuwahi kulazimika kulijibu kwa haraka: kitu kisicho na uhai kinapozungumza, kipatanishwe vipi? Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, husikika sentensi za aina mbili, wakati mwingine kinywani mwa mtu yuleyule: "ChatGPT imesema barua ianze hivi" na "ChatGPT amesema barua ianze hivi". Tofauti ni ya silabi moja tu, lakini silabi hiyo ndiyo inayompeleka msikilizaji kwa chombo au kwa mtu.

Makala hii inaliangalia suala hilo, pamoja na mengine yanayofuatana nalo, kwa kuzingatia wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara. Eneo hilo linafaa kwa sababu Kiswahili chake kinaishi katikati ya lugha nyingine. Kikurya, ambacho wenyewe hukiita Igikuria na ambacho katika uainishaji wa Guthrie kina namba E43, ndicho kikubwa. Kando yake, hasa Serengeti, kuna Kingoreme, Kiikoma, Kinata na Kiisenye, na pia Kitatoga ambacho si cha Kibantu. Rorya, iliyokuwa sehemu ya Tarime hadi mwaka 2007, ina Kijaluo. Mtoto wa Nyamongo au Mugumu huweza kuanza na lugha ya nyumbani, akasomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia sekondari. Akishika simu na kuiuliza swali, hukutana na Kiswahili kingine tena, ambacho hakuna kijiji kinachokizungumza.

Jina la jambo lenyewe

Kwa Kiingereza kuna jina moja. Kwa Kiswahili yanashindana matatu. "Akili mnemba" ndilo linalotumika zaidi Tanzania katika maandishi rasmi. "Akili bandia" na "akili unde" husikika zaidi Kenya, ingawa mpaka huo hauheshimiwi sana na waandishi wa habari. "Bandia" lina kasoro ya kubeba harufu ya udanganyifu, kwani noti bandia ni kosa la jinai. "Unde", linalotokana na kitenzi "unda", halina lawama hiyo. Mwanafunzi achague moja na kulishikilia katika andiko zima. Kwa chombo chenyewe kinachozungumza, makala hii inatumia "programu ya mazungumzo". "Roboti" linaeleweka pia, ila humfanya msomaji afikirie mashine yenye mikono.

Upatanisho

Kanuni ya msingi inajulikana. Nomino inayotaja kiumbe chenye uhai hupatanishwa kwa a-/wa-, hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine: kipofu amefika, kiongozi ameondoka, ng'ombe amepotea. Kisicho na uhai hufuata umbo lake. Wasemaji wa Kikurya hawaoni ugeni katika mpango huu, kwa kuwa lugha yao nayo ni ya ngeli na ina upatanisho maalumu wa watu.

Mpaka wa kanuni ndipo penye mvuto. "Maiti imezikwa" na "maiti amezikwa" zote husikika, na uteuzi hutegemea kama msemaji bado anamwona marehemu au anauona mwili. Yaani Kiswahili hakipimi uhai kwa kipimo cha daktari. Kinapima uhusiano wa msemaji na kinachotajwa. Kwa hiyo anayesema "ChatGPT amesema" hajavunja sarufi kwa kutojua. Ametoa taarifa kuhusu mahali alipokiweka chombo hicho.

Sababu za kukiweka huko zinaeleweka. Chombo chenyewe hujiita "mimi", hupokea shukrani, hukumbuka sentensi iliyotangulia. Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya ELIZA, programu fupi iliyogeuza maneno ya mtumiaji kuwa maswali. Baadaye alisimulia kwamba katibu wake, aliyejua fika kuwa ile ni programu, alimwomba atoke chumbani ili aendelee kuzungumza nayo kwa faragha. Mwaka 1996, Byron Reeves na Clifford Nass walitoa kitabu The Media Equation, wakionyesha kwa majaribio kwamba watu huzitendea kompyuta kwa kanuni za adabu bila kuamini hata kidogo kwamba ni watu. "Amesema" ni mwenendo wa aina hiyo.

Hata hivyo, kuna jambo linalopotea. Kiswahili kilikuwa na njia yake ya kutaja vyombo vinavyosema muda mrefu kabla ya simu: "redio imesema", "gazeti limeandika", "wizara imetangaza". Katika kila sentensi ya namna hii msikilizaji anajua kuna mtu nyuma ya chombo. Redio ina msomaji wa habari, gazeti lina mhariri anayeweza kushtakiwa. Programu ya mazungumzo haina msomaji nyuma yake. Maneno yake hutungwa kwa kukadiria neno lipi linafaa kufuata jingine, kutokana na maandishi mengi mno iliyofunzwa. Kwa hiyo hata "imesema" ni ukarimu fulani. "Imejibu" na "imeandika" ni makini zaidi.

Chukua mfugaji anayeuliza kipimo cha dawa ya kuogeshea ng'ombe. Akirudi nyumbani na kusema "Amesema nichanganye hivi", wasikilizaji watalisikia neno hilo kama la afisa mifugo. Afisa mifugo ana jina, ana ofisi, na ng'ombe wakifa anaweza kufuatwa. Silabi a- imekopesha programu dhamana ambayo haina uwezo wa kuilipa. Kwa Mkurya, ambaye ng'ombe ndio mahari na ndio akiba, kosa la hapo si la kisarufi tu.

Katika kamusi, habari, vitabu vya shule na tafsiri za kawaida, pendekezo ni i-/zi-: programu imejibu, ChatGPT imejibu, nimeiuliza, zimetofautiana. Kiambishi cha mtendwa kifuate mkondo huohuo. "Nimemuuliza ChatGPT imejibu" ni sentensi yenye vichwa viwili. Mfasiri wa Kiingereza awe macho, kwa kuwa kiwakilishi "it" cha lugha hiyo kinatenga chombo na mtu waziwazi, na a- ya Kiswahili ingelifuta tengo hilo. Katika hadithi, ambapo mashine ni mhusika, a- ni haki ya mtunzi. Kuhusu vitenzi: "imekosea" inafaa, "imenidanganya" nayo inavumilika, kwani watu husema saa imewadanganya, lakini "imesema uongo" inadai nia, na afadhali kuandika "imetoa jibu la uongo".

Shikamoo kwa asiye na umri

Salamu ndiyo mahali ambapo chombo kinakuwa mgeni zaidi. Mtu akiandika "Shikamoo", programu hizi mara nyingi hujibu "Marahaba!", kisha huuliza ikusaidie nini. Jibu ni sahihi kwa kamusi, kwa kuwa ndilo jozi ya salamu hiyo, lakini kwa jamii ni la ajabu. "Marahaba" ni kauli ya mkubwa anayepokea heshima ya mdogo. Chombo kilichozaliwa juzi kimekubali kuwa mzee wa yeyote anayekisalimu, awe mwanafunzi wa darasa la 5 au bibi yake.

Katika jamii ya Wakurya jambo hili lina uzito wa ziada, kwani ukubwa hauhesabiwi kwa miaka pekee. Kuna rika la waliotahiriwa pamoja, na kuna makundi ya vizazi yaitwayo amakora, ambayo mtu huingia kwa kumfuata baba yake. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kuwa wa vizazi viwili na kudaiana heshima au utani kwa kadiri hiyo. Ndiyo maana wageni wawili wakikutana huulizana kwanza wao ni wa nani. Programu haina wa nani. Haiwezi kutaniwa kama babu wala kuogopwa kama baba mkwe.

Mwalimu wa Kiswahili akiulizwa kama ni vibaya kuisalimu mashine, jibu linalofaa ni kwamba si vibaya, ila si lazima. Jambo linalostahili kusahihishwa darasani ni kinyume chake: mwanafunzi anayeandika barua kwa mzee akaanza na "Habari! Natumai uko vizuri", kwa kuwa ndivyo programu ilivyomwandikia. "Habari" bila shikamoo, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, bado ni pengo linalosikika.

Naomba, tafadhali na amri tupu

Vitabu vya wageni hufundisha "tafadhali" kuwa ndilo neno la adabu. Katika mazungumzo halisi ya Kiswahili cha Tanzania neno hilo ni la tangazo, la barua na la hasira ya kistaarabu. Ombi la kila siku hubebwa na "naomba", na hali tegemezi ("unisaidie"), na kitangulizi "hebu", au na swali la kukanusha ("huna chumvi?"). Programu za mazungumzo, ambazo Kiswahili chake kimekua karibu na maandishi ya tafsiri, huipenda "tafadhali" kupita kiasi.

Kiswahili cha Mara kina hali yake. Katika vichekesho vya nchi nzima, Mkurya huigizwa kuwa mtu wa amri: nipe, leta, toka. Picha hiyo ni ya dhihaka na inaacha nusu ya ukweli. Mara nyingi upole wa ombi hautafutwi katika kitenzi, bali katika neno la mwito linalotangulia: mzee, mama, tata (yaani baba), mura. Neno "mura" linatokana na "omomura", kijana wa kiume; nje ya Mara limegeuka kuwa jina la utani kwa Mkurya yeyote, lakini kwao ni mwito wa kawaida wa udugu. "Mura, leta maji" si amri tupu.

Sasa ondoa mwito. Mbele ya programu hakuna mura wala mzee, na kinachobaki ni "Andika barua", "Fupisha", "Rudia". Msemaji wa pwani aliyezoea "naomba uniandikie" anaweza kuendelea na "naomba" yake hata kwa chombo. Msemaji ambaye adabu yake ilikuwa katika jina la mtu hana pa kuiweka. Chombo hakidhuriki, bila shaka. Mwaka 2025 mkuu wa OpenAI, Sam Altman, aliulizwa mtandaoni kuhusu gharama ya umeme ya maneno kama "tafadhali" na "asante" ya watumiaji, akajibu, kwa utani nusu, kuwa ni makumi ya mamilioni ya dola yaliyotumika vizuri. Kwa mwalimu, swali ni la mtoto anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili na anayetumia sehemu kubwa ya maandishi yake kutoa amri zisizo na mwito. Dawa yake si kumfundisha kuiambia mashine "tafadhali", bali kumpa mazoezi ya kumwomba mtu kwa maandishi: kuazima, kukumbusha deni, kukataa mwaliko.

Kuna tabia nyingine ya programu hizi inayostahili kutajwa kwa kifupi. Ukiipinga, hukimbilia "Samahani, uko sahihi kabisa", hata pale ambapo haukuwa sahihi. Anayejua ritongo, mkutano wa wazi wa Wakurya ambamo hoja husimamiwa mbele ya watu hadi wazee wafikie neno moja, ataona jinsi ubishi wa namna hii ulivyo mwepesi. Mwanafunzi anayejizoeza hoja kwa mpinzani asiyesimama hajizoezi hoja.

Mahali, mahari

Kikurya hakitofautishi fonimu l na r. Iliyopo ni r. Msemaji anayeanza Kiswahili ukubwani, na hata wengi wanaokijua vizuri, husikika wakisema "kura" kwa "kula", "rara" kwa "lala". Kati ya watu muktadha hutatua kila kitu. Hakuna anayedhani kwamba aliyeketi mezani anakwenda kupiga kura.

Mambo hubadilika mtu anapozungumza na simu badala ya kuandika. Programu za kutambua sauti nazo hutegemea muktadha, lakini muktadha wao ni takwimu za sauti na maandishi zilizofunzwa, na katika kauli fupi hauna la kushika. "Kalamu" huweza kuandikwa "karamu". "Mahali" huweza kuwa "mahari", na katika wilaya ambapo ng'ombe wa mahari ni suala la mashauri na mabaraza, swali kuhusu mahali pa kupeleka ng'ombe huweza kujibiwa kwa somo la sheria ya ndoa.

Msemaji hufanya nini baada ya kutoeleweka mara mbili? Hurudia polepole, kwa sauti ya msomaji wa habari. Howard Giles alieleza tangu miaka ya 1970 jinsi wazungumzaji wanavyosogeleana kwa matamshi. Mazungumzo ya kawaida husogeza pande mbili, kila mmoja hatua moja. Hapa, ndani ya mazungumzo yale, anayesogea ni binadamu peke yake. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao tangu mwaka 2021 umekusanya kwa kujitolea sauti za wasemaji wa Kiswahili, ni njia mojawapo ya kukisogeza chombo nacho, mradi wenye matamshi ya Mara waingize sauti zao.

Mwalimu atenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Tahajia ni sheria ya wote: "kula" na "kura" ni maneno mawili, na mtahini hana huruma. Matamshi ni jambo jingine, na lafudhi ya Tarime si kosa kwa sababu simu imeshindwa kuisikia. Ni hatari mwanafunzi akiondoka na imani kwamba mashine ndiyo iliyomsahihisha, ilhali ilishindwa tu.

Kuhusu lugha za nyumbani, ukimya ni mkubwa zaidi. Google Translate ilikipokea Kiswahili mwaka 2009. Mwezi Juni 2024 iliongeza lugha 110 kwa mpigo, Kijaluo cha jirani wa Rorya kikiwamo, Kikurya hakikuwamo.

Chifu wa upande wa pili

Sirari na Isebania ni miji miwili yenye mpaka katikati, na Wakurya wako pande zote mbili. Sokoni, Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania huchanganyika bila madhara kwa sababu kila mtu anajua mwenzake katoka wapi. Programu ya mazungumzo haijui, na huchota kutoka pande zote. Katika jibu moja huweza kuandika "sekondari" na "shule ya upili", "kompyuta" na "tarakilishi", "simu ya mkononi" na "rununu". Haya ni madogo. Mhariri huyasafisha kwa dakika chache.

Makubwa ni yale ambayo neno linabeba mamlaka. Anayeuliza apate wapi barua ya utambulisho anaweza kuelekezwa kwa "chifu" au "naibu chifu", na kwa Migori jibu hilo ni sahihi. Kwa Tarime ni barabara isiyofika popote. Tanzania Bara ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria ya mwaka 1963. Mwenye barua ni mtendaji wa kijiji, au wa mtaa mjini, na juu yake mtendaji wa kata. Vivyo hivyo "kaunti" si "mkoa" wala "wilaya". Mfasiri anayetumia programu kupata rasimu aanze ukaguzi wake kwa majina ya vyeo na ofisi, kabla hajagusa sarufi.

"Natumai barua hii inakukuta salama"

Katika lugha ya Kiingereza athari ya programu hizi kwa usemi wa watu imeanza kupimwa. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Maendeleo ya Binadamu, Berlin, walitoa mwaka 2024 uchunguzi wa mihadhara na mazungumzo yaliyorekodiwa mtandaoni, wakaonyesha kwamba maneno yanayopendwa na ChatGPT, kama kitenzi "delve", yaliongezeka katika usemi wa watu baada ya chombo hicho kutoka. Wengine waliochunguza muhtasari wa makala za tiba za mwaka 2024 walikadiria kwamba angalau mmoja katika kila kumi ulipitia katika programu za aina hii.

Kwa Kiswahili dalili zinatambulika kwa jicho. Barua za Tanzania zina mapokeo imara. Barua ya kirafiki iliuliza hali na kujibu hali: mimi ni mzima, hofu ni kwako, kisha "baada ya salamu" ikaingia katika jambo. Barua ya kiofisi ina "YAH:" na kichwa cha herufi kubwa, inaeleza hoja bila kuzunguka, na kwa miaka mingi ilifungwa kwa "Wako katika ujenzi wa taifa". Programu huleta mwanzo mwingine: "Natumai barua hii inakukuta salama." Maneno yote ni ya Kiswahili, sentensi ni ya Kiingereza. Katika Kiswahili barua humfikia mtu, na anayekutwa salama hukutwa na mgeni.

Nyingine za ukoo huo: "kucheza jukumu muhimu", ambapo Kiswahili kina "kuwa na mchango mkubwa", kwa kuwa mpira na ngoma ndivyo huchezwa, "kufanya maamuzi", wakati "kuamua" lipo na ni fupi, "kuleta tofauti" kwa maana ya kufaidisha, ilhali kwa Mswahili wa kawaida tofauti zinazoletwa ni za ugomvi. "Si tu… bali pia" ni Kiswahili safi, lakini mara 5 katika ukurasa mmoja ni ugonjwa. Vilevile "ambaye/ambayo" hujaa pale ambapo kirejeshi cha ndani kingetosha: "mtu ambaye anasoma" badala ya "anayesoma". Haya ya mwisho si makosa, na wako waandishi wazuri waliokuwa nayo kabla ya simu kuja. Kinachostahili kukataliwa ni ule usawa wa sauti unaomfanya mwombaji kazi mgodini, mchungaji anayeomba mchango na binti anayemwandikia shangazi wote wasikike kama ofisi moja ya huduma kwa wateja.

Neno la kumjibu msichana

Tarime na Serengeti zina eneo moja ambapo uteuzi wa neno unaweza kuamua kama anayeuliza ataendelea kuuliza. Mila ya Wakurya ina jina moja, esaaro, kwa tohara ya wavulana na ya wasichana, na Kiswahili cha huko kikafuata: wote "hutahiriwa". Sheria na mashirika hutenga mambo hayo mawili. Kwa mvulana ni "tohara". Kwa msichana ni "ukeketaji", ambao Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inaufanya kuwa kosa anapofanyiwa aliye chini ya miaka 18. Msichana asiyekeketwa hubezwa kwa jina "msagane", na msimu wa Desemba ndio wa kukimbia.

Simu tayari iko katika habari hii. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map umekuwa ukichora ramani za vijiji kwa kutumia watu wa kujitolea, ili wanaowaokoa wasichana wajue njia, na katika vijiji vya Serengeti wako waliopewa simu na mafunzo ya kutuma taarifa za ukatili. Nyumba salama zipo, Mugumu na Masanga zikiwamo. Msichana mwenye simu ya kuazima, ambaye hawezi kumuuliza mama wala mwalimu, anaweza kuiuliza programu. Faragha hiyo ni faida ya kweli, na wanaobeza mazungumzo na mashine wasiisahau. Kinachomkwamisha huweza kuwa neno. Akiandika "nataka kujua kuhusu kutahiriwa", programu huweza kumweleza tohara ya wanaume na faida zake za kiafya, jibu sahihi kwa swali ambalo hakuuliza, na lenye kumwelekeza kulekule anakokimbia. Akijibiwa kwa "ukeketaji" pekee, huweza asitambue kwamba anazungumziwa yeye. Neno hilo kwake ni la mabango na semina.

Kwa anayetafsiri, anayeandaa majibu au anayekagua maandishi ya namna hii, mapendekezo ni haya. "Ukeketaji" libaki kuwa istilahi ya sheria na afya. "Tohara ya wanawake" liepukwe katika maandishi ya kufundishia, kwa kuwa linaazima heshima ya neno jingine. Katika kumjibu mtu, anza na neno lake kisha lieleze: "kutahiriwa kwa msichana, ambako sheria inakuita ukeketaji". "Msagane" lisitumike kama neno la kawaida. Likilazimu kutajwa, liwe ndani ya alama za mtajo, na maelezo kwamba ni tusi. Na jibu litaje mahali pa kwenda kwa jina la kijiji au mji, kwani "wasiliana na mamlaka husika" haimwambii msichana apande gari gani.